Usianze kesho: sampuli yako ya jinzi haijakuambia lolote kuhusu fulana

Usianze kesho. Umeandika kwamba una oda ya kudarizi nembo kwenye fulana 80 za kola na ovaroli 30 za kampuni ya kuunda boti huko Ilemela, Mwanza, kwamba faili la nembo ulilonalo lilitengenezwa kwa ajili ya mgongo wa ovaroli, kwamba kijana anayekutengenezea mafaili amekuhakikishia kuwa kulipunguza liingie kifuani ni kazi ya dakika moja, na kwamba sampuli ya nembo iliyopunguzwa uliyoishona kwenye kipande cha jinzi imetoka safi kabisa. Kisha ukauliza mambo manne: ununue mashine ya sindano moja au ya sindano 15, utoze bei gani, utumie uzi gani, na kama kuna mwenye neno kabla hujaanza. Mimi ninalo neno. Nilipofika kwenye hiyo jinzi niliweka simu chini kwanza, kwa sababu niliwahi kusimama hapo hapo uliposimama, na tabasamu langu la siku ile lilinigharimu fulana 96.

Ilikuwa mwaka 2021, nikiwa Mabatini, na mashine yangu ya kudarizi haijafikisha hata miezi minne. Kampuni moja ya usafirishaji, ambayo sitaitaja kwa sababu haina kosa lolote, iliniagiza fulana za wafanyakazi wake, zile za kola tunazoziita fomu siksi, zenye nembo upande wa kushoto wa kifua. Mapema mwaka huo nilikuwa nimewashonea makoti ya kazi ya drili yenye nembo hiyo hiyo mgongoni, upana wa sentimita 14, na yalipendeza hadi nikajiona fundi. Kifuani ilitakiwa sentimita 9. Nikampelekea faili kijana wangu wa mafaili, akalirudisha kabla sijamaliza kunywa chai. Nikamuuliza kama kuna cha kuzingatia, naye akanijibu kwa utulivu wa daktari bingwa kwamba faili ni faili, likishakuwa DST limekuwa DST, bonyeza ushone.

Sikuwa mzembe kabisa, nilishona sampuli. Niliishona kwenye kipande cha drili kilichobaki kwenye yale makoti, kwa kuwa sikutaka kuharibu fulana nzima ya shilingi 11,500 kwa ajili ya majaribio tu. Ilitoka nzuri. Nikaipiga picha na kumtumia mteja kwenye simu, akajibu kwa dole gumba, nami nikalichukulia dole gumba lile kuwa mkataba.

Sasa nikueleze kilichokuwa ndani ya faili lile, maana hapa ndipo fedha yangu ilipozama. Faili la DST, ambalo asili yake ni mashine za Tajima za Japani, halina picha ya nembo ndani yake. Lina orodha ya hatua za sindano tu: sogea kulia kiasi hiki, sogea juu kiasi hiki, toboa, kata, simama ubadilishe uzi. Hata rangi halizijui. Linajua tu mahali pa kusimama ubadilishe uzi. Kwa hiyo unapolivuta au kulipunguza, mara nyingi hatua zinabaki zile zile na umbali baina yake ndio unaopungua. Nembo yangu ya sentimita 14 ilikuwa na mishono kama 17,000, mistari ya uzi ikiwa imepishana kwa milimita 0.4 hivi, ambacho ni kipimo cha kawaida kwa uzi namba 40. Ilipobanwa hadi sentimita 9, mishono ilibaki 17,000, lakini mistari sasa ilipishana kwa milimita 0.26, na eneo lililotakiwa kuibeba halikufika hata nusu ya lile la mwanzo. Ni kama kuchukua abiria wa basi zima ukawapakia kwenye Noah. Wataingia, ndiyo, lakini usiulize mlango utafungwaje.

Drili ilivumilia mzigo huo kwa sababu ni nzito, imefumwa kwa kukaza na haivutiki. Jinzi yako ni ndugu yake wa damu, ndiyo maana imekudanganya vilevile. Fomu siksi ni kitu kingine. Imefumwa kwa vitanzi, kama sweta la nyuzi nyembamba, na ukiikaza kwenye fremu, ile inayoishika nguo kwenye mashine, inavutika bila wewe kujua. Sindano inashona juu ya kitambaa kilichovutwa. Ukitoa fremu, kitambaa kinarudi mahali pake lakini mishono hairudi, na ukingo wote wa nembo unakunjamana. Ukiongezea mishono iliyosongamana kama yangu, na sindano ya ncha kali inayokata vitanzi badala ya kuvisukuma pembeni, umeshachimba kaburi na kinachosubiriwa ni ndoo ya maji.

Mashine yenyewe ilinionya. Siku zote ilikuwa na mlio mwepesi wa haraka haraka, lakini kwenye fulana zile ilitwanga kama mchi kwenye kinu. Nilivunja sindano 11. Uzi ulikatika kila nilipogeuka kuchukua simu. Kwa kasi ya mishono 700 kwa dakika, kila nembo ilichukua dakika 24 bila kuhesabu kukatika kwa uzi, na ukizidisha kwa 96 utaona kwamba nilishona karibu saa 39 za sindano tupu, usiku kwa mchana, huku nikijisifu kwamba kazi nzito ndiyo kazi bora. Majina ya chini ya nembo, ambayo kwenye koti yalikuwa na urefu wa milimita 6, sasa yalikuwa chini ya milimita 4. Herufi a na e zilijaa uzi hadi zikafanana na tembe za panadoli. Niliziona. Nikajiambia kwamba hakuna mtu anayesoma herufi kwenye kifua cha kondakta.

Nilikabidhi siku ya Ijumaa. Jumatano iliyofuata afisa wao alikuja dukani na fulana mbili ndani ya mfuko wa sandarusi, zimekwishafuliwa mara moja. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliitandaza moja mezani, akailainisha kwa viganja viwili kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni, na kila alipoondoa mkono kifua kilijikusanya upya kuizunguka nembo, mfano wa mdomo wa mtoto aliyenyimwa andazi. Kisha akaishika nembo kwa vidole viwili na kuinyanyua, ikasimama wima peke yake kama kadi ya kliniki. Ile ya pili aliielekeza dirishani, nikaona mwanga ukipenya kwenye matundu madogo yaliyofuata ukingo wa herufi, na tundu moja limeshaanza kuachia vitanzi kuelekea chini.

Nilimpigia kijana wa mafaili. Akasema tatizo ni uzi. Nikanunua uzi mwingine, nikashona tena, yakawa yale yale. Akasema tatizo ni mashine. Nikamlipa fundi akaikagua, akaikuta nzima. Akasema basi tatizo ni fulana za siku hizi. Ningempa wiki moja zaidi angesema tatizo ni upepo wa Ziwa. Sina ugomvi na mtu asiyejua, kwa kuwa hata mimi sikujua, lakini ninao ugomvi na mtu asiyejua anayetoza shilingi 15,000 na kuzungumza kama aliyejua tangu tumboni. Na aliyeniuzia mashine naye hajapona kinywani mwangu, kwa maana alinitazama usoni akaniambia kwamba ukishaweka faili, mashine inajifanyia yenyewe. Ni kweli inajifanyia yenyewe, hata maafa inajifanyia yenyewe.

Nilijaribu kufumua. Fulana ya kwanza ilinichukua saa moja na nusu kwa wembe na kibano cha nyusi cha mke wangu, na nilipomaliza nembo ilikuwa imetoka lakini matundu yake yamebaki, kwa hiyo bado iliweza kusomeka, ila sasa kwa maandishi ya vipofu. Nikaacha. Mteja, kwa haki yake, alitaka nembo zote zikatwe zisizagae mitaani, hivyo nilibaki na fulana 96 zenye dirisha upande wa moyo. Wauza mitumba wa Mlango Mmoja, watu ambao wameona nguo za kila namna kutoka kila pembe ya dunia, walizipindua mara mbili wakanirudishia kwa heshima zote. Mwishowe zilikwenda gereji kuwa matambara. Nilinunua nyingine 96, shilingi 1,104,000 kwa fulana peke yake, na nikashona upya kwa faili lililopangwa upya na mama mmoja mwenye uzoefu, ambaye alianza kwa kuniuliza swali ambalo kijana wangu hakuwahi kuniuliza: unashona kwenye kitambaa gani?

Faili lake lilikuwa na mishono 7,400. Alipanga mishono ya msingi chini ili ishike fulana kwanza, akaongeza upana kidogo kwenye nguzo za herufi kwa kuwa mishono huzivuta zikawa nyembamba, akaondoa mstari mmoja wa maneno uliokuwa mdogo kupita kiasi, na akaniamuru nimwambie mteja kwamba maneno yale hayashoneki kifuani. Mteja hakulalamika hata kidogo. Muda wote huo nilikuwa nikiogopa sentensi ambayo mteja aliipokea kwa kusema sawa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nakuomba uiandike ukutani juu ya mashine yako. Sampuli ishonwe kwenye nguo ile ile itakayokabidhiwa, kwa faili lile lile, kwa ukubwa ule ule, kwa uzi ule ule, kisha ifuliwe mara mbili kwa namna itakavyofuliwa na mwenyewe, ikauke, na mteja aishike kwa mkono wake na aisaini kabla nguo ya pili haijaingia kwenye fremu. Nasema aishike. Picha ya simu haikunjamani, na dole gumba halina vidole vya kupapasa ugumu.

Fulana ya sampuli ihesabu kwenye bei tangu mwanzo, yaani ukiagizwa 80, nunua 82. Ikaze kwenye fremu bila kuivuta, itulie tu. Chini yake weka stifu, kile kitambaa kigumu cha kushikilia mishono, ile inayokatwa kwa mkasi na kubaki ndani ya nguo daima; ile inayochanika kwa mkono iachie ovaroli, maana kwenye fulana itachanika na kuiacha mishono yatima. Sindano iwe ya ncha ya mviringo, namba 75/11. Kama kuna herufi za chini ya milimita 5, ama zikuzwe, ama ziondolewe, ama zishonwe kwa uzi mwembamba namba 60 na sindano 65/9. Usishangae namba ya uzi kupanda huku uzi ukipungua, ndivyo zinavyohesabiwa.

Kuhusu uzi uliouliza, tumia poliesta. Rayoni inang'aa vizuri dukani, lakini nguo za kazi za huku kwetu zinakutana na dawa ya klorini, hasa zile nyeupe za viwanda vya minofu ya sangara, na rayoni haiivumilii. Hili linathibitishwa na ile ile ndoo ya kufulia sampuli, ndiyo maana nasema ifuliwe kama atakavyofua mwenyewe: kama wao wanatia klorini, nawe tia klorini. Na kwa kuwa wateja wako ni watu wa boti, wakikuletea jaketi za kujiokolea uzidarizi, kataa. Kila mshono ni tundu, na nguo ya kumwelesha mtu majini si mahali pa kutoboatoboa kwa ajili ya matangazo.

Sasa rudi kwa kijana wako leo hii. Usimwambie apunguze, mwambie apange mishono upya kwa sentimita utakazompa na kwa fulana ya kola, na mpelekee kipande halisi cha fulana akiguse. Akikuambia hakuna tofauti, mlipe chake umwache. Dai pia faili la kazi yenyewe, lile linalofunguka na kurekebishika kwenye programu aliyoitumia, pamoja na la DST, kwa sababu siku akihamia Geita utabaki na orodha ya hatua za sindano usiyoweza kuirekebisha. Kisha mpigie mteja umwombe siku nne. Mwambie ukweli, kwamba fulana ya kwanza iko kwenye kamba inakauka.

Ile sampuli ya jinzi usiitupe. Kama ovaroli zako ni za drili, basi hiyo inakaribiana nazo, lakini hata huko shona moja kwenye ovaroli yenyewe, kwa ukubwa halisi wa mgongoni, maana hicho ulichokishona ni nembo iliyokwisha kupunguzwa.