Kabla Hujakodi Shamba Molo

Mimi ni mtu wa Kisumu, na msimu huu ni wa tano nikilima viazi Molo, kaunti ya Nakuru. Wa kwanza ulinila pesa, na siwezi kumlaumu mtu. Niliuliza ekari inakodiwa pesa ngapi, nikaona udongo mweusi, umelainika, nikalipa siku hiyo hiyo. Sikuuliza mwaka uliotangulia kulipandwa nini.

Kama wiki ya saba hivi, mimea ikaanza kulegea saa sita mchana na ardhi bado ina unyevu. Nikadhani ni jua. Mzee wa shamba la jirani akavuka ua, akakata shina moja karibu na udongo, akaomba glasi ya maji safi, akalining'iniza humo. "Ngoja," akasema. Baada ya dakika chache uzi mweupe ukaanza kuteremka kutoka pale alipokata, polepole, kama tone la maziwa lililokataa kuchanganyika na maji.

"Huo ni mnyauko, kijana wangu. Hauna dawa. Na si wewe uliyeuleta, umeukuta humu. Hapa ni waru juu ya waru, misimu minne sasa."

Kwa nini mtu apande viazi juu ya viazi akijua hivyo? Nilimuuliza kwa hasira kidogo. Jibu lake lilianza na reli, nikajua tutakaa.

Reli iliyofika Kisumu mwishoni mwa 1901 ilipita hapa ikipanda kuelekea Mau Summit. Walowezi wakaifuata, wakafuga kondoo (hadi leo nyama ya kondoo wa Molo husifiwa kwa jina la mji), wakalima ngano na pareto. Baada ya uhuru mashamba yale yakakatwakatwa, mengine kwa mipango ya serikali, mengine yakanunuliwa na watu waliochangishana. Pareto ndiyo ikawa karo ya watoto: unachuma maua, unayakausha juani, unapeleka, unangoja pesa. Kungoja kukazidi, miezi ikawa miaka, watu wakang'oa. Pengo likazibwa na kiazi, hasa aina ya shangi, maana kwa takriban miezi mitatu kimekomaa na mnunuzi anakuja na pesa mkononi. Sasa mwenye ekari moja na nusu, iliyogawanywa na baba yake kwa ndugu wanne, apumzishe kipande gani?

Kwa hiyo ukija kukodi, uliza historia ya shamba miaka mitatu nyuma, na usimuulize mwenyewe peke yake. Waulize wanaopalilia humo, hao hawana sababu ya kukuficha. Ukisikia viazi mfululizo, tafuta pengine, au anza na kabeji, njegere au shayiri. Usipande nyanya ukidhani umebadilisha. Nyanya na kiazi ni ndugu, ugonjwa ni ule ule. Mbegu nazo usichukue za sokoni eti kwa kuwa zimechipua vizuri. Shangi huchipua haraka hata ikiwa mgonjwa. ADC, shirika la serikali la maendeleo ya kilimo, wanazalisha mbegu iliyoidhinishwa hapo hapo Molo; kaulizie mapema, kabla mvua haijakusukuma kununua chochote utakachokuta.

Kuna swali moja ambalo nakushauri uliache Kisumu. Kwetu ukikutana na mtu humuulizi tu anakaa wapi, unamuuliza nyumbani ni wapi. Molo nililiuliza hotelini, tukinywa chai, bila ubaya wowote, na meza ikanyamaza. Watu hapa walichomewa nyumba 1992, wengine tena baada ya uchaguzi wa 2007, na waliowachomea walianza na swali kama hilo. Mama aliyekuwa akitumikia ndiye aliyenijibu, bila kunitazama: "Nyumbani ni hapa." Nikalipa chai ya wote.

Hiyo pia ndiyo sababu mkataba wa kukodi uandikwe, hata wa msimu mmoja, na wake wa mwenye shamba na wanawe wakubwa wakiwepo. Ardhi nyingi bado ni ya baba aliyefariki, na kila ndugu ana hesabu yake.

Baridi nitaitaja tu: mji uko takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mabonde barafu ya alfajiri huunguza majani yakawa meusi. Kodi shamba la mteremkoni.

Kuhusu kuuza, kanuni za 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Dalali atakuja na gunia lililoshonewa kofia ya wavu juu ili lichukue zaidi, akuambie ndilo gunia la hapa. Mimi nilinunua mzani wa kuning'iniza, naufunga kwenye tawi la mkaratusi kabla lori halijafika. Msimu uliopita dalali mmoja aliuona akiwa bado mbali, akageuza gari. Saa tisa alasiri akarudi, na magunia madogo.