Funika daftari, uniambie ulichosoma

Mpwa wangu alipokuwa darasa la saba, kila jioni akishatoka kuchota maji alikuja kuketi barazani kwangu hapa Newala, mkoani Mtwara, daftari la Sayansi mapajani, akisoma kwa sauti. Kurasa tano, kurasa kumi, hakwami hata mahali pamoja. Majirani wakipita wanamsifu, mama yake anachekelea. Siku moja nikamwambia, "Mjomba, hebu lifunike hilo daftari. Nieleze mmea unajitengenezea vipi chakula." Akafunika. Akatazama dari, akatazama vidole vyake, mwisho macho yakamlenga machozi. "Mjomba, nilikuwa nakijua sasa hivi!"

Nilimwelewa kabisa, maana ndivyo nilivyosoma mimi. Nilikesha na koroboi nikipitia madaftari yale yale mpaka pua ikawa nyeusi kwa moshi, nikajiona nimeiva. Baada ya mtihani wa darasa la saba, majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa, langu halikuwemo. Baba alitoa pesa ya korosho ya msimu mzima kunipeleka shule ya kulipia. Sitaki mtoto mwingine apite njia ile, wala mzazi mwingine.

Kusoma na kukumbuka ni kazi mbili tofauti. Ukurasa ukiwa mbele yako, macho yanautambua na moyo unatulia, unadhani unajua. Kwenye chumba cha mtihani hakuna ukurasa. Kwa hiyo mazoezi yenyewe yawe ya kukumbuka: soma mada fupi, funika, andika pembeni kila unachokikumbuka, kisha fungua uone ulichoacha. Inachosha, na mtoto atalalamika kwamba haendi mbele. Mwache alalamike, mradi afunike. Kesho yake muulize tena, na baada ya wiki muulize tena. Mimi nilikuwa namuuliza mpwa wangu tukiwa shambani, yeye anafagia majani chini ya mikorosho, mimi nakata matawi: "Taja tofauti ya mshipa wa ateri na wa vena." Akishindwa, hatukugombana. Jioni tulilirudia.

Lililomsaidia kuliko yote ni daftari la makosa. Karatasi za mitihani iliyopita zinapatikana kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), na stationari nyingi mjini wanazichapa. Watoto wengi wanazifanya, wanasahihisha, wanahesabu alama, wanahamia karatasi nyingine. Hapo faida yote imemwagika. Sisi kila swali alilokosa liliandikwa kwenye daftari dogo, na chini yake, kwa maneno yake mwenyewe, kwa nini alikosa. Ukurasa mmoja ninaukumbuka vizuri. Swali: 12 + 8 × 3. Jibu lake: 60. Chini yake ameandika, "Nilijumlisha kwanza. MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) inasema kuzidisha kabla ya kujumlisha. Jibu ni 36." Ukurasa wa pili: ½ + ⅓, jibu lake 2/5. "Nilijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Nilitakiwa kutafuta KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika), ambayo ni 6. Jibu ni 5/6." Baada ya miezi miwili tukaona makosa yake mengi ni ya aina chache tu yanayojirudia. Ukishazijua hizo, unajua cha kusoma kesho.

Sasa wazazi, tukae tupige hesabu kidogo. Masomo ya mtihani wa darasa la saba ni sita: Kiswahili, English Language, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Kila moja lina alama 50, jumla 300. Daraja C linaanzia alama 121, B 181, A 241. Mtoto mwenye 42 kwenye Kiswahili akikazana mwezi mzima anaweza kuongeza nne au tano. Huyo huyo akiwa na 8 kwenye Hisabati, mwezi ule ule unaweza kumpa kumi na zaidi. Lakini watoto wanakimbilia somo wanalolipenda kwa sababu lina raha. Mpwa wangu angeweza kusoma Kiswahili usiku kucha. Nilimruhusu, ila baada ya Hisabati.

Kuhusu fomu ya kujibia nitasema kidogo tu, ila msiidharau. Majibu ya kuchagua yanasahihishwa na mashine, kwa hiyo mtoto anaweka kivuli kwa penseli ya HB. Akiruka swali la 14 na kuweka jibu la 15 kwenye nafasi ya 14, yote yanayofuata yameharibika ingawa anayajua. Chora fomu ya kuigiza nyumbani, afanye karatasi nzima kwa muda ule ule ulioandikwa juu yake, na kila baada ya maswali matano alinganishe namba. Akibadili jibu, afute mpaka kusionekane alama ya kwanza.

Halafu kuna mambo ya huku kwetu Kusini ambayo lazima tuyaseme wazi. Mtihani kwa kawaida ni Septemba, siku mbili. Miezi inayoutangulia ndiyo ya kupulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu, na unapokaribia, korosho za mwanzo zinaanza kudondoka. Najua kila mkono unahitajika, wangu pia ulihitajika. Mtengeeni mtoto saa moja na nusu tu kila siku kabla giza halijaingia, isiguswe na mtu. Na likizo ya Juni ni msimu wa jando na unyago. Mila hii naiheshimu, nimepita humo. Lakini mtoto wa darasa la saba akisubiri mpaka Desemba, mtihani umekwisha na anacheza ngoma akili imetulia. Dada yangu alisemwa sana kwa kuahirisha. Alivumilia, nami nilisimama naye, maana huku kwetu neno la mjomba lina uzito.

Wiki ya mwisho hatukufungua mada mpya hata moja. Tulipitia daftari la makosa tu, na saa tatu usiku alikuwa amelala. Siku ya kwanza ya mtihani aliondoka na penseli mbili zilizochongwa, kifutio, kalamu na rula, tumboni muhogo wa kuchemsha na chai. Jioni alirudi, akala ugali na kisamvu. Mama yake alifungua kinywa kumuuliza swali la ngapi alijibu nini, nikamkonyeza anyamaze. Kesho yake kulikuwa na karatasi nyingine.