Akinyi, umeniuliza kuhusu macho

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu Akinyi,

Mguu umepoa. Mvua imekuja, paa la jikoni linavuja palepale, na jirani hajarudisha sufuria yangu kubwa. Hayo ndiyo ya huku.

Nilikwambia nitakujibu kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Swali lako nililiandika nyuma ya kalenda, nalinakili: “Mama, nilipokuwa mchanga ulikuwa ukinitazama machoni na kunisemesha?” Ukasema ni kwa ajili ya masomo yako, ukanitumia zile kurasa za Robert LeVine na wenzake walioketi na akina mama wa Kisii miaka ya 1970. Nimezisoma zote.

Nililolipenda ni kwamba hakwenda mtu mmoja na hekima yake. Alikuwapo mwanaanthropolojia, daktari wa watoto, daktari wa maradhi ya akili, wote wanamtazama mama yuleyule na mtoto wake. Wakaona kwamba mama wa Kisii hamwachi mtoto alie. Humbeba, humnyonyesha, hulala naye. Lakini mtoto akianza kumchekea na kubwabwaja, mama hugeuza uso. Na mama wa Boston, Marekani, waliyemlinganisha naye, ni kinyume chake: husemesha kutwa, usiku humlaza mtoto peke yake. LeVine hakumfanya yeyote kuwa mama mbaya. Wa Kisii anataka kwanza mtoto aishi, kisha awe mtulivu ili nduguye aweze kuachiwa amlee. Wa Boston anataka mtoto msemaji wa kwenda shule.

Sasa mimi unaniweka wapi? Mimi ni mtu wa Mombasa, kwetu mtoto husemeshwa hata kabla hajatoka arubaini, huimbiwa, hutaniwa, husutwa. Ungetegemea niseme ndiyo, nilikutazama. Lakini wewe ulizaliwa 1990, na mwaka ule babako alikuwa safarini na reli wiki nzima, mimi nikiwa soko la Kibuye na robota la mitumba toka alfajiri. Wewe hukuwa unatazama macho ya mtu. Ulikuwa unatazama kisogo cha kakako Omondi.

Mtoto hulelewa na mgongo. Nilisema hivyo babako akacheka, nikasema mbele ya mwalimu wenu mkuu akadhani natania, na leo nakwambia wewe mwenye digrii. Mtoto hulelewa na mgongo.

Kakako alikuwa na miaka tisa. Msichana hakukuwa nyumbani, shangazi zako wote walikwisha olewa, na yaya nisingeweza kumlipa. Alijifunza kufunga mbeleko kunishinda. Alikuwa anainama mgongo ukawa meza, anakutupia juu, anajitikisa mara moja ukae sawa, kisha anakaza leso kifuani kwa meno na mkono mmoja. Hesabu alifanya amesimama, daftari juu ya dirisha, huku anayumba kushoto na kulia. Kilio cha njaa alikitofautisha na cha tumbo, mimi nikibahatisha. Na leso yenyewe! Ile nyekundu niliyoinunua Marikiti, jina lake silitaji hapa, nililichagua makusudi kumchoma wifi yangu mmoja. Mtoto wa watu akazunguka ploti nzima ya Nyalenda na tusi la mamake mgongoni, hajui.

Kukaa pia ni yeye aliyekufundisha. Dani, nyanya yako, alimwonyesha: karai, leso mbili zimeviringwa huku na huku, mtoto katikati. Umeniandikia kwamba Wakipsigis wa Kokwet walikuwa wakichimba kishimo ardhini, wakamkalisha mtoto na kumzungushia blanketi, na kwamba Charles Super alipowapima aliona wanakaa na kutembea karibu mwezi mzima kabla ya watoto wa Marekani, ila kutambaa hawakuwatangulia. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyewafundisha kutambaa. Nilicheka peke yangu. Hilo nalo lilitaka profesa? Halafu nikasoma kwamba kabla yake wataalamu walikuwa wakisema ni damu tu, mtoto wa Kiafrika amezaliwa hivyo. Basi lilimtaka. Kazi ya mama, na ya Omondi na karai lake, ilikuwa inahesabiwa kuwa si kazi.

Hapa ndipo ningemaliza barua kama ningekuwa mtu mwerevu.

Krismasi ya 1990 tulikwenda Seme, dala, nyumbani kwa kina babako. Unajua pale chini ya mwembe wanapokaa wanaume. Walikuwapo babako, ami zako wawili, na wageni wao kutoka Nairobi, wenye viatu vya kung'aa. Nilikuwa jikoni. Nikamwambia Omondi apeleke chupa ya chai. Naye akaenda kama alivyokuwa, wewe mgongoni umelala, chupa mkono huu, vikombe mkono huu, anatembea polepole usiamke. Ami yako mkubwa akamtazama, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: “Shemeji, huyu ulimzaa mwana au ulizaa yaya?”

Wakacheka wote. Watoto waliokuwa wakicheza mpira wakadakia, “Omondi nyako! Omondi nyako!” Msichana, kwa Kijaluo, umesahau lugha yako lakini hilo utalikumbuka.

Na mimi nikacheka, Akinyi.

Nimetafuta njia nyingine ya kuliandika na sikuipata. Nilitoka jikoni nikiwa nacheka, mke wa watu mgeni asiyetaka kuonekana hana utani, nikamfungua mbeleko pale pale mbele yao. Nikamwambia, “Haya, nenda kacheze na wanaume wenzako.” Alinipa chupa kwanza. Akaweka vikombe chini kimoja kimoja. Halafu akaenda, lakini si kwenye mpira. Ulilia hadi taa zikawashwa, ukakataa ziwa, ukakataa Dani, na yeye alikuwa ameketi nyuma ya ghala anasikia. Najua alikuwa anasikia kwa sababu nilimwona miguu. Hakuja, na mimi sikumwita.

Aliyekasirika ni Dani. Aliniambia usiku ule, “Nyathini nigi luoro, nigi winjo.” Mtoto huyu ana heshima, ana usikivu. Unajua nilimjibu nini? Nilimwuliza, “Na rieko?” Kwa sababu alikuwa wa ishirini na sita darasani, na mimi nilikuwa nalala na ripoti ile chini ya mto. Sasa unaniletea kwamba Elena Grigorenko na wenzake walikuja kwa Wajaluo hawa hawa wakauliza akili ni nini, wakapewa maneno manne: rieko, luoro, winjo, paro. Elimu na ujuzi, heshima, kuelewa la kufanya katika maisha, na kujituma. Wakalinganisha na mitihani ya shule, likaoana moja tu, rieko. Hayo yalichapishwa 2001. Dani alikuwa amenipa mawili bure, 1990, nami nikayarudisha nikaomba lile moja.

Baada ya hapo Omondi hakukubeba tena mbele ya watu. Ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa, ndiyo.

Ulinitumia pia ile ya Carol Ember, ya 1973, ukaandika “Mama, hii ni ya Omondi!!!” na alama zako za mshangao. Nimeisoma mara mbili. Alikwenda Oyugis, akawatazama wavulana wa Kijaluo waliopewa kazi za wasichana kwa kuwa kwao hakuna msichana wa kuzifanya. Akaona waliofanya nyingi walikuwa wapole kuliko wavulana wenzao, hata saa ambazo hawafanyi kazi yoyote, na kwamba kazi za ndani ya nyumba ndizo zenye nguvu hiyo, za nje kama maji na kuni hazikufua dafu. Nilifurahi. Nikasema, basi, nilimtengeneza mwanangu vizuri, ami yake na acheke.

Halafu nikaanza kujibishana na nafsi yangu saa nane za usiku. Kwa sababu uzuri wa kazi ya Ember ni kwamba mvulana hakuchaguliwa kwa upole wake. Alipangiwa na bahati, mamake hakujaliwa binti wa umri ule. Mimi nilikuwa na wawili. Odhiambo alikuwa na miaka saba, mkubwa wa mwili, angeweza. Sikumpa. Nilimjua angekuweka chini akafuate mpira. Nilimpa Omondi kwa sababu Omondi alikuwa mpole tayari, na mtu mpole huongezewa mzigo maana hasemi. Kwa hiyo usiniweke katika tasnifu yako. Mimi nimeuharibu ushahidi tangu mwanzo.

Au labda sivyo. Labda alikuwa mpole kidogo na wewe ukamfanya mpole sana. Odhiambo naye, ambaye hakubeba mtu, leo ndiye anayenipigia kila siku, na Omondi hupiga mwisho wa mwezi. Sijui wataalamu wako hilo wanaliweka safu gani.

Agosti nilikwenda Nakuru, hukuambiwa. Kamwana kake ka mwisho kana miezi saba. Nilifika jioni, mkewe yuko kazini, nikaingia bila hodi kama kawaida yangu. Omondi, mtu wa miaka 44, fundi mwenye mikono ya grisi isiyotoka, alikuwa amesimama mbele ya jiko anasonga ugali, mtoto mgongoni. Amekaza leso vilevile, kwa meno. Anayumba kushoto na kulia. Nilisimama mlangoni nikakosa la kusema, na mimi nikikosa la kusema jua kuna jambo.

Tukakaa, tukazungumza mambo ya karo. Mkewe akarudi. Kisha mtu akabisha, mwenzake wa gereji. Kabla ya kusema “karibu” alikuwa ameshafungua lile fundo, mtoto yuko mapajani mwa mkewe, leso iko chini ya mto wa kochi. Mikono ile ilikuwa na haraka, Akinyi. Mtoto alianza kulia. Alinitazama, akajua nimeona, akaniuliza kama chai yangu iongezwe maziwa.

Unataka niseme nilikosea kumpa mtoto wa miaka tisa mtoto wa kulea. Nakusikia kabisa, katika maswali yako kuna “mzigo” na “utoto ulioibwa”, maneno ya chuoni. Sisemi. Mkono wangu unataka kuandika kitu hapa na nauzuia. Thomas Weisner alikaa Kisa, huko kwa Waluhya, akaandika kwamba watoto kulea watoto ni desturi ya dunia nzima wala si dhiki ya maskini peke yake, kwa hiyo nina wa kunitetea nikitaka. Ila kuhusu kumpa, na kuhusu kucheka, hayo ni mambo mawili, na katika vile vikaratasi vyako vyote sikuona aliyepima la pili. Mtoto hulelewa na mgongo, nimesema. Mgongo wenyewe unalelewa na nani sikuwahi kujiuliza.

Mwulize yeye. Usimpigie simu, atakwambia ni sawa tu. Shuka Nakuru ukija Desemba, mkae jikoni.

Ee, macho yako. Ninachokumbuka ni usiku. Umeme ulikuwa unakatika Nyalenda kila leo, nikakunyonyesha gizani, na gizani nani ajue nani anamtazama nani. Kuongea niliongea, lakini nilikuwa nahesabu madeni kwa sauti. Labda ndiyo maana unajua hesabu.

Nimempa kondakta wa basi la kesho asubuhi furushi. Omena zimekaushwa vizuri, usiziloweke sana. Chini yake kuna leso nyekundu; imepauka, jina halisomeki tena, nashukuru. Usiifue kwa maji moto.

Mamako