Jibu: Artemis, Selene na Diana si mmoja tangu mwanzo

Ndugu, umeuliza kama Artemis, Selene na Diana ni mungu mmoja wa kike mwenye majina matatu. Hapana, ingawa baadaye walichanganywa sana.

Kwa Wagiriki wa kale, mwezi wenyewe ulikuwa Selene, binti wa Hyperion na dada wa Helios, yaani jua. Ndiye aliyempenda kijana Endymion aliyelala usingizi usiokwisha. Artemis ni mwingine kabisa: binti wa Zeus, mkuu wa miungu, na mama yake Leto, pacha wa mungu Apollo, bikira mwenye upinde. Katika tenzi za Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, ni mwindaji, hana habari na mwezi. Baadaye Apollo alipohusishwa na jua, dada yake naye akapewa mwezi.

Mimi humwona Artemis kuwa wa ajabu zaidi, kwa sababu anawaua wanyama na papo hapo anawalinda watoto wao. Kule Brauron, karibu na Athens, wasichana wadogo walimtumikia wakiitwa "dubu".

Diana ni wa Italia. Hekalu lake mashuhuri lilikuwa msituni kando ya ziwa Nemi, na kuhani wake alikuwa mtumwa mtoro aliyemuua kuhani aliyemtangulia. Warumi walimlinganisha na Artemis, lakini mwezi ulikuwa na mungu wake pia, Luna.

Ukitaka kumkuta Artemis kwa Kiswahili, soma Matendo ya Mitume 19: yule "Artemi wa Waefeso" na ghasia za Demetrio mfua fedha.