Bigo bya Mugenyi: ngome ya vita au zizi la ng'ombe?

SWALI: Mhariri, nilipotembelea Wilaya ya Ssembabule nchini Uganda nilioneshwa mahandaki ya Bigo bya Mugenyi, nikaambiwa kuwa ni ngome iliyochimbwa na Wachwezi, watawala wa kale wanaotajwa katika masimulizi ya huko. Je, ni kweli? Na kwa kuwa hakuna jengo hata moja, serikali inalinda nini pale?

JIBU: Ndugu msomaji, "bigo" ni maboma, na Mugenyi, ambaye jina lake mtu wa Kiswahili atalitambua upesi kuwa ni "mgeni", ni Mchwezi anayesimuliwa kuwa alimpenda mno ng'ombe wake aitwaye Bihogo. Sisi tunaona kwamba neno boma, ambalo kwetu ni ngome na pia ni zizi, linapafaa mahali hapo kuliko neno ngome peke yake. Mahandaki hayo, yaliyo upande wa kusini wa Mto Katonga, yana urefu wa jumla wa zaidi ya kilomita 10, na mahali pengine yamechongwa hadi ndani ya mwamba. Kuyalinda yote wakati wa vita kungehitaji watu wengi mno, tena yamekatizwa na mapengo kadhaa ambayo adui angepita bila taabu. Handaki la nje linazunguka eneo pana la malisho lililopakana na mto, na yale ya ndani yanazingira kilima ambacho yamkini kilikuwa makao ya mtawala. Katika Ntusi, mji wa kale ulio karibu, malundo ya taka yamejaa mifupa ya ng'ombe, ishara kwamba watu wa eneo hilo walikuwa wafugaji.

Iwapo waliochimba mahandaki hayo walijiita Wachwezi, hakuna maandishi ya kutuambia. Masimulizi ndiyo yanayowataja. Tulicho nacho ni udongo, nao ndio unaolindwa. Wanaakiolojia walichimba hapo, Peter Shinnie mwaka 1957 na Merrick Posnansky mwaka 1960, na makaa yaliyopatikana katika matabaka ya udongo, yalipopimwa umri wake, yakaonesha kuwa watu walikaa hapo kati ya karne ya 14 na ya 16 hivi. Kipimo hicho kina maana pale tu inapojulikana kipande cha kaa kilitoka tabaka lipi, juu ya kipi na chini ya kipi. Jembe likipita mara moja, mpangilio huo huvurugika na haurudishiki. Ndiyo maana hata kigae cha chungu chenye nakshi, ukikikuta kandokando ya handaki, unatakiwa ukiache palepale.