Taa nyekundu ndani ya gari na darubini ya usiku

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Gerezani, Dar es Salaam. Mteja wangu hupeleka watafiti wa wanyama porini usiku, wakiwa na kibali. Gari moja huegeshwa karibu na maji, na wenzao huwatazama wanyama kwa darubini ya usiku, ile inayokuza mwanga hafifu, wakiwa ng'ambo ya bonde. Walilalamika kwamba mwanga wa ndani ya gari unawaharibia picha, hata wanyama waliosimama kando yake hawaonekani. Nilifunga balbu nyekundu, kwa kuwa nimesikia tangu zamani kwamba mabaharia hutumia taa nyekundu usiku, na vioo vya gari vina tinti nzito. Kwa macho yangu gari lilikuwa giza tupu, lakini kwenye darubini, wanasema, linawaka kama duka la Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Nimekosea wapi?

JIBU: Kazi ya waya hukuikosea, fundi, ulichokosea ni jicho ulilolipimia. Taa nyekundu ilibuniwa kwa manufaa ya aliye ndani, wala si kwa ajili ya kumficha na anayemtazama kutoka nje. Seli za jicho zinazotuwezesha kuona gizani huhisi zaidi mwanga wa bluu-kijani wa nanomita 507 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na zikifika kwenye wekundu wa nanomita 640 huwa karibu hazihisi kitu. Ndiyo maana baharia huweza kusoma ramani kwa taa nyekundu, kisha akatoka nje bila kuhitaji nusu saa nyingine ya kuyazoesha macho yake giza. Darubini ya usiku ina jicho la namna nyingine kabisa. Zile za kizazi cha tatu, ambazo utando wake wa kupokea mwanga hutengenezwa kwa galiamu na aseniki, huona vizuri sana wekundu na mionzi ya infraredi iliyo jirani nao, isiyoonekana kwa macho yetu, hadi kwenye nanomita 900 hivi. Kwa hiyo balbu yako imewaka mahali penyewe ambapo chombo hicho kina nguvu.

Ikiwa balbu hiyo ni ya waya unaopata moto, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya nishati yake hutoka kama infraredi, na kifuniko chekundu huzuia bluu na kijani tu na kuiacha infraredi ipite. Hata ukiipunguza nguvu kwa rizista, waya hupoa na rangi yake husogea kwenye wekundu, hivyo katika mwanga mdogo uliobaki infraredi huchukua sehemu kubwa kuliko awali.

Tinti nayo imekudanganya. Nyingi hutiwa rangi ya kuzuia mwanga unaoonekana kwa macho, huku zikiipitisha infraredi bila shida. Juzi nilichukua kipande cha tinti nyeusi, nikakiweka mbele ya rimoti ya televisheni, kisha nikatazama kwa kamera ya mbele ya simu, kwa kuwa kamera ya nyuma mara nyingi huwa na kichujio kikali zaidi cha kuzuia infraredi. Kwa macho sikuona kitu, ila kwenye simu kidoa cheupe chenye uzambarau kilipepesa kila nilipobonyeza, kana kwamba tinti haipo. Ukitaka kufunika vioo kwa pazia, fanya jaribio hilo hilo kwa kitambaa kabla ya kukinunua, maana kitambaa cheusi nacho si lazima kizuie infraredi.

Marubani walikutana na tatizo la karibu na hili walipoanza kuvaa miwani ya usiku, kwani taa za vyombo mbele yao ziliizidi nguvu miwani. Jeshi la Marekani liliweka masharti ya taa hizo mwaka 1986, kisha likayapanga upya mwaka 2001: taa ziwe za bluu-kijani na ziondolewe infraredi, na miwani iwekwe kichujio kinachozuia mwanga wa chini ya nanomita 625 au 665 kulingana na daraja lake. Usiikimbilie kanuni hiyo nzima nzima, fundi. Kichujio kinakaa kwenye miwani ya rubani, na darubini ya mteja wako huenda haina, kwa hiyo hata kijani itaonekana. LED ya kijani ni bora kuliko balbu ya waya kwa kuwa haitoi infraredi nyingi, lakini peke yake haitoshi.

Kinachobaki ni kupunguza mwanga na kuubana. Anza na taa ya mlango, inayowaka kila mtu anaposhuka kujinyoosha. Iwekee swichi yake. Kisha ufuate vitu vidogo ambavyo jicho huvizoea na kuvisahau: kioo cha redio, saa, vitaa vya swichi, kidoa cha chaja. Vifunike kwa foili ya alumini, ambayo huzuia mwanga wote, halafu juu yake ndipo uweke soltepu nyeusi. Taa ya kusomea iwe ndogo, imezungushiwa kikombe, na imulike mapajani tu, bila kufika kwenye paa wala kioo, kwa sababu mwanga uliogonga paa jeupe hutoka kwa kila dirisha. Baadhi ya simu zinazofunguliwa kwa kutambua uso hutoa infraredi zenyewe, kwa hiyo zizimwe au zifunikwe. Swichi zako zisiguse taa za nje, kwa kuwa gari likirudi barabarani lazima ziwake.

Usipime Gerezani. Mwanga wa mji utakufichia kasoro zote. Mwombe mteja alete darubini, mwende upande wa Kisarawe mahali penye giza, nawe utembee ukilizunguka gari huku mwenzako akifungua milango na kutumia simu ndani.

SWALI: Nikiwa ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa, je, kamera ya joto itaona taa za dashibodi? Msomaji, Temeke.

JIBU: Haitaziona. Kamera za kawaida za joto hupokea mionzi ya joto yenye mawimbi marefu ya takriban maikromita 8 hadi 14, na kioo cha gari hakiipitishi. Kwake dirisha ni kama ukuta. Boneti iliyotoka safarini, matairi na breki huonekana waziwazi mpaka zipoe, na ukishusha kioo kidogo upate hewa, uso wako utatokea palepale kwenye upenyo.