Ukienda kwa Wacatawba, anza na udongo

Novemba ikikaribia, Waswahili wenzangu wa Charlotte, North Carolina, huanza kuniuliza kama ile sherehe ya Wacatawba, taifa la wenyeji asilia wa Marekani, kule Rock Hill inafaa kupeleka watoto. Inafaa sana. Kinachonikera ni namna wengi wetu tunavyokwenda: tunafika saa saba mchana, tunapiga picha za wachezaji, tunakula mkate wa kukaanga, tunazungukia meza zote haraka haraka kama watu wanaowahi basi, kisha tunarudi tukisema palikuwa pazuri. Ukiulizwa umeona nini, unaonyesha simu.

Ushauri wangu ni mmoja. Tafuta meza ya mfinyanzi anayefanya kazi, omba ruhusa ya kutazama, na usiondoke upesi. Mengine yatakuja yenyewe.

Kuhusu safari hakuna cha ajabu. Rock Hill iko South Carolina, kusini mwa Charlotte, unashuka na barabara kuu ya I-77 na kuomba foleni isikukute. Ardhi ya Wacatawba iko kando ya mto wenye jina lao, na kituo chao cha utamaduni kiko humo humo. Sherehe yenyewe wanaiita Yap Ye Iswa, yaani Siku ya Watu wa Mto. Hakikisha tarehe kabla hujatoka, na beba fedha taslimu kidogo.

Kabla ya kwenda, soma japo kidogo, la sivyo utauliza lile swali ambalo nimewasikia wageni wakiliuliza bila haya: "Kumbe bado mpo?" Wapo, na kuwapo kwao kumewagharimu. Ndui ya mwaka 1759 iliua zaidi ya nusu yao. Mkataba wa Augusta wa 1763 uliwaachia eneo la maili 15 kwa 15, kama ekari 144,000, na hata hilo walowezi wakaingia kidogo kidogo kwa kulikodi. Mwaka 1840 wakatia saini mkataba wa Nation Ford: walikabidhi ardhi hiyo kwa jimbo la South Carolina, nao wakaahidiwa fedha na ardhi nyingine. Ahadi haikutimizwa inavyostahili, wakabaki na takriban ekari 630. Mwaka 1959 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kufuta utambuzi wao kama taifa la wenyeji asilia. Waliurudisha mwaka 1993, baada ya kesi ndefu ya ardhi iliyoishia kwenye fidia ya dola milioni 50.

Katika miaka hiyo ya dhiki, vyungu vilisaidia sana kulisha watoto. Wanawake wa Kicatawba walikuwa wakifunga safari hadi Charleston, karibu na bahari, kuviuza, na nyakati nyingine walivibadilisha kwa chakula na nguo. Kwa hiyo mtu akikuambia vile vilivyopangwa mezani ni vya watalii tu, mwache aendelee na mkate wake.

Sasa hapo mezani, tazama nini? Mimi hutazama mikono kwanza. Hawatumii gurudumu la mfinyanzi. Wanachanganya aina mbili za udongo, mmoja wenye chembechembe na mwingine laini unaonata, wanauchuja na kuukanda, kisha wanaviringisha kamba za udongo na kuzipandisha moja juu ya nyingine mpaka chungu kinasimama. Wanakwangua kuta ziwe nyembamba, wanaacha kikauke. Ndipo linapokuja jambo ambalo watu hupita bila kuliona: kusugua kwa jiwe.

Bibi mmoja niliyemtazama alikuwa na mawe madogo ya mtoni ndani ya kopo la bati, yamelainika hadi yanateleza vidoleni. Alichagua moja dogo kama kokwa la tende, akaanza kusugua shingo ya mtungi kwa mapigo mafupi, upande mmoja, tena na tena. Udongo ule uliokuwa mkavu na mfifu ukaanza kung'aa, bila rangi, bila mafuta, bila kitu kingine chochote. Nikamuuliza jiwe amelitoa wapi. La mama yake, akasema, na mama alilipata kwa mama yake. Mawe haya hurithiwa. Katika familia za wafinyanzi ni mali hasa, na si ajabu watu kuyagombea.

Kuchoma ni kwa moto wa kuni, wa wazi. Moshi na ndimi za moto ndizo zinazoamua rangi, ndiyo maana chungu kimoja kinaweza kuwa na mabaka ya kahawia, kijivu, machungwa na meusi kabisa, na hakuna viwili vinavyofanana. Vingine hupasuka humo humo motoni, kazi ya siku nyingi ikaishia vigae. Waliokulia Kyela, kule Tanzania kando ya Ziwa Nyasa, na wanavijua vyungu vya Wakisi wanaouza soko la Matema watajikuta wana mengi ya kuzungumza na wenyeji hapa. Mwombe mama mfinyanzi akueleze, nawe mweleze vya kwenu. Mazungumzo ya namna hiyo ndiyo niliyoyafurahia kuliko ngoma zote, na ngoma nazipenda.

Jambo moja usiliulize: udongo unachimbwa wapi. Mashimo yako kando ya mto na ni siri ya wenyewe. Uliza badala yake nani alimfundisha. Hapo utasikia ukoo mzima, na pengine jina la Georgia Harris, mfinyanzi aliyefariki mwaka 1997, mwaka uleule aliotunukiwa tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa za jadi. Alishikilia mitindo ya kale hata pale soko lilipotaka vitu vidogo vya bei ndogo.

Kuhusu ngoma, mavazi yale si ya maigizo. Usiguse manyoya wala shanga, na usimpige mtu picha kabla ya kumwomba, hata akiwa mtoto. Ngoma kubwa nayo usiisogelee kuipapasa. MC akitangaza kwamba sasa wote waingie uwanjani, ingia, cheza, usijifanye mgeni. Kabla ya hapo, kaa kando.

Ukitaka kununua, usivutane bei. Najua, kwetu kutovutana bei ni kama kumdharau muuzaji, lakini hapa bei ya chungu imebeba kuchimba, kukanda, kusugua na vile vilivyopasuka motoni. Kama mfuko haujajaa, kuna kobe wadogo wa udongo na mitemba. Geuza kitako utazame jina la aliyekifinyanga, na kama halipo, muulize uliandike mahali. Mtungi wenye nyoka aliyejizungusha ubavuni ni mtindo wao wa zamani. Ukiupata, usiuache kwa sababu mama mkwe anaogopa nyoka.

Ukishafika nyumbani, usitie maji humo wala maua mabichi. Udongo huu haukupakwa kitu cha kuzuia maji, utavuja na kuharibika. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, weka juu ambako watoto hawafiki. Na kama umekolea, Lancaster haiko mbali: Native American Studies Center ya University of South Carolina Lancaster, iliyofunguliwa mwaka 2012, ina mkusanyiko mkubwa wa vyungu vya Kicatawba. Ukiwa umeshasimama kwenye meza ya mfinyanzi, kule utajua cha kutazama.